Hukumu New York, Meli Tema

Jumatatu tarehe 1 Oktoba 2012, meli ya tanga ya Jeshi la Majini la Argentina iliingia Tema, bandari kubwa ya Ghana iliyo mwendo mfupi mashariki ya Accra. Jina lake ARA Libertad. Ina milingoti mitatu na urefu wa zaidi ya mita 100, ilijengwa katika karakana za Río Santiago karibu na mji wa La Plata, na tangu 1963 ndiyo inayowafunza maofisa wapya wa jeshi hilo kazi ya bahari. Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 300: mabaharia, wanafunzi wa uofisa, na wageni waalikwa kutoka majeshi ya nchi jirani za Amerika Kusini. Serikali mbili zilikuwa zimeandikiana na kukubaliana juu ya ziara hiyo miezi kadhaa kabla. Ratiba ilisema meli ingeondoka tarehe 4.

Haikuondoka. Tarehe 2 Oktoba, Jaji Richard Adjei-Frimpong wa Mahakama Kuu ya Ghana, Kitengo cha Biashara, alitoa amri ya kuizuia. Aliyeomba amri hiyo ni kampuni ya uwekezaji iitwayo NML Capital, iliyosajiliwa Visiwa vya Cayman na kumilikiwa na Elliott Management ya New York. Kampuni hiyo ilikuwa na hukumu ya mahakama ya New York ya Desemba 2006: Argentina iilipe zaidi ya dola milioni 284. Miaka karibu 6 ilikuwa imepita, riba ilikuwa inapanda, na Argentina ilikuwa haijalipa hata senti.

Yeyote aliyewahi kushinda kesi ya madai katika mahakama zetu anaijua hali hii. Siku ya hukumu ndugu wanapongezana nje ya mahakama. Kesho yake mshinda tuzo anagundua kwamba jaji amemaliza kazi yake na pesa bado ziko mfukoni mwa mdaiwa. Inabidi afungue maombi ya kukazia hukumu, aitafute mali ya mdaiwa yeye mwenyewe, aionyeshe mahakama, aombe dalali wa mahakama apewe kibali cha kuikamata na kuiuza. Anaweza kuomba akaunti ya benki izuiwe. Anaweza hata kuomba mdaiwa apelekwe gerezani kama mfungwa wa madai, naye akamlipia chakula humo ndani. Kila hatua ina pingamizi lake: mara gari ni la shemeji, mara nyumba ni ya mke, mara kampuni imebadili jina. Wapo waliozeeka na hukumu zao kabatini.

Mdaiwa akiwa serikali, mlango ni mwembamba zaidi. Tanzania ina Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5. Kenya ina yake, Sura ya 40. Zote mbili zimerithi kanuni moja ya Kiingereza: mali ya Serikali haikamatwi kukazia hukumu. Mshindi hupewa hati inayoonyesha anachodai, huipeleka wizarani, na husubiri mwenye kasma alipe. Asipolipwa, hurudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha ofisa husika atimize wajibu wake. Dalali haendi Ikulu kukokota magari. Kanuni hiyo ina sababu yake, kwa kuwa hospitali na shule zinaendeshwa kwa mali hiyohiyo. Hata hivyo imewaumiza wananchi wengi wenye haki zao, na mimi sioni kwa nini mjane aliyeshinda kesi ya fidia asubiri miaka kumi ilhali bajeti hupitishwa kila Juni.

Basi mwenye hukumu dhidi ya dola ya kigeni afanye nini? Jibu la NML lilikuwa kuitafuta mali ya Argentina popote duniani ambapo Argentina si mwenye nyumba.

Deni lenyewe lilikuwa na historia ya machozi. Mwaka 1991 Argentina, ikiongozwa kiuchumi na waziri wake Domingo Cavallo, ilifunga sarafu yake kwa sheria: peso moja, dola moja. Mfumuko wa bei uliokuwa ukiwatesa watu ukazimika, na wawekezaji wakamiminika. Serikali ikauza hati fungani New York, London, Frankfurt na Roma. Ili wanunuzi wasiogope, mkataba wa 1994 uliosimamia nyingi ya hati hizo uliandikwa chini ya sheria ya New York, na ndani yake Argentina ikakubali mambo mawili ambayo wakati ule yalionekana ya kawaida tu. La kwanza, itashitakiwa huko na imejivua kinga yake ya dola. La pili, hati hizo zitakuwa na daraja sawa la malipo na madeni yake mengine ya nje. Vifungu hivyo viwili vilikaa kimya kwa miaka. Kila kilichofuata kimetoka humo.

Kufikia mwishoni mwa 2001 peso ilikuwa ghali mno kwa uchumi uliokuwa unasinyaa kwa mwaka wa tatu. Watu wakakimbilia benki, serikali ikaweka kikomo cha pesa za kutoa kwa wiki, na Desemba ile miji ikawaka. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha katika ghasia. Rais Fernando de la Rúa alijiuzulu tarehe 20 na kuondoka ikulu kwa helikopta. Siku chache baadaye rais wa muda, Adolfo Rodríguez Saá, alisimama mbele ya Bunge na kutangaza kwamba nchi inasimamisha malipo ya deni lake la nje. Wabunge walimpigia makofi. Hati fungani zilizoathirika zilikuwa za zaidi ya dola bilioni 80. Dunia ilikuwa haijawahi kuona dola ikishindwa kulipa kwa kiwango hicho.

Argentina ilipata nafuu, ikarudi kwa wadai wake mwaka 2005 na toleo moja: rudisheni hati zenu za zamani, mpewe mpya zenye thamani ya takriban senti 30 kwa kila dola. Karibu robo tatu walikubali. Bunge likapitisha sheria iliyofunga mlango kwa waliokataa, ili kila mmoja aone kwamba hakuna toleo bora litakalofuata. Mlango ulifunguliwa tena 2010, na waliokubali wakafika karibu asilimia 93.

Waliobaki hawakuwa wa aina moja. Walikuwamo makumi ya maelfu ya Waitalia wa kawaida, wengi wao wastaafu waliouziwa hati hizo na benki za mitaani kwao wakaambiwa ni mahali salama pa kuweka akiba. Hao wanastahili huruma yetu, na simulizi nyingi za Buenos Aires huwasahau. Lakini ilikuwamo pia mifuko kama NML, iliyonunua hati hizo kwa bei ya chini, nyingine zikiwa tayari zimekufa sokoni, kwa nia ya kudai thamani yote kamili mahakamani. Waargentina waliiita mifuko hiyo tumbusi.

Afrika iliwajua tumbusi mapema. Mwaka 1979 Zambia ilikopa Romania ili inunue mashine za kilimo. Mwaka 1999, Romania na Zambia zikiwa katika mazungumzo ya kupunguza deni hilo, kampuni iitwayo Donegal International ililinunua kwa dola zisizofika milioni 4, kisha ikadai dola milioni 55 kwenye mahakama ya London. Mwaka 2007 ilipewa takriban dola milioni 15.5, katika kipindi ambacho Zambia ilikuwa imetoka kusamehewa madeni ili ijenge zahanati. Jaji hakupendezwa na mwenendo wa Donegal na alilisema hilo, lakini mkataba ni mkataba. Uchungu wa kesi hiyo ulisaidia kuzaa sheria ya Uingereza ya 2010 inayoweka kikomo kwa madai ya namna hiyo dhidi ya nchi maskini zilizokuwa kwenye mpango wa msamaha.

Kwa Kongo kisa kilikuwa kirefu zaidi. Energoinvest, kampuni ya Sarajevo wakati wa Yugoslavia, ilifanya kazi ya umeme wa maji na nyaya za msongo mkubwa kwa mkopo, na Kinshasa haikulipa. Mwaka 2003 wasuluhishi waliipa Energoinvest ushindi. Mfuko wa Marekani uitwao FG Hemisphere ukazinunua tuzo hizo na kuanza kusaka. Ulikwenda Hong Kong kudai pesa ambazo kampuni za Kichina zilipaswa kuilipa Kongo kwa ajili ya migodi. Mwaka 2011 mahakama ya juu ya Hong Kong ikakataa kwa kuwa China haikubali dola ya kigeni ishitakiwe. Ulikwenda kisiwa cha Jersey kudai mapato ya Gécamines, shirika la madini la Kongo ambalo kila familia ya Lubumbashi na Likasi ina mtu aliyelifanyia kazi. Mahakama ya Jersey ilikubali. Julai 2012 majaji wa rufaa mjini London walitengua: Gécamines ni shirika lenye nafsi yake, haliwezi kulipishwa deni la serikali. Hiyo ilikuwa miezi mitatu tu kabla ya Libertad kufunga gati Tema.

NML nayo ilikuwa imejaribu kwingi. Iliandama akiba ya Benki Kuu ya Argentina iliyowekwa kwenye benki kuu ya Marekani mjini New York, takriban dola milioni 105, na mahakama ya rufaa ikasema akiba ya benki kuu ina kinga yake. Ilikwenda London, na Julai 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba Argentina kwa maneno ya mkataba wake imejivua kinga, hivyo hukumu ya New York yaweza kufunguliwa kesi huko. Ushindi huo ulikuwa wa kanuni. Mali ya kukamata haikupatikana. Buenos Aires nako kila safari ya mali ya dola ilikuwa inapimwa mara mbili. Januari 2013 Rais Cristina Fernández de Kirchner aliziacha ndege za serikali nyumbani na kukodi ndege ya Uingereza kwa dola 880,000 ili azuru Cuba, Falme za Kiarabu, Indonesia na Vietnam bila kukamatiwa usafiri uwanjani.

Ile meli ya mafunzo, miezi mitatu kabla, haikupimwa mara mbili.

Mbele ya Jaji Adjei-Frimpong, mawakili wa Argentina walisema jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa sheria ya kimataifa angelisema: meli ya kivita ni kipande cha dola, haikamatwi na mahakama ya nchi nyingine. NML ilijibu kwa hoja iliyokubaliwa London: mwenye kinga amejivua mwenyewe, kwa maandishi, na meli hii haikuja vitani. Serikali ya Ghana ilimpeleka mwanasheria wa Wizara ya Mambo ya Nje kuiambia mahakama kwamba, kwa maoni ya serikali, meli ina kinga. Jaji alisikiliza pande zote, na tarehe 11 Oktoba akakataa kufuta amri yake. Argentina ikitaka meli itoke, iweke dhamana. NML ilitaja dola milioni 20. Argentina ikasema haitatoa hata dola moja kwa ajili ya meli yake ya kivita.

Hapa ndipo Ghana ilipobanwa. Rais John Mahama alikuwa ameshika madaraka Julai baada ya kifo cha John Atta Mills, na uchaguzi ulikuwa Desemba. Argentina ilimtaka aiachie meli. Angeweza kumpuuza jaji wake mwenyewe? Nchi ambayo watu wake wanajivunia mahakama huru haiwezi kuwa na rais anayepiga simu bandarini na kusema iacheni. Na Ghana isingepata senti moja ya deni hilo hata ingeishikilia meli miaka kumi. Ilichopata ni gati lililozibwa, mizigo ya wengine ikisubiri baharini, na ugomvi na nchi rafiki. Naamini hapa ndipo penye dhuluma kubwa kuliko zote katika kisa hiki: hukumu ya New York, juu ya mkataba wa New York, baina ya matajiri wa New York na serikali ya Buenos Aires, ilikwenda kutafuta utekelezaji wake kwenye gati la nchi isiyohusika.

Buenos Aires nako vichwa vilianguka. Mkuu wa Jeshi la Majini, Admeri Carlos Alberto Paz, alijiuzulu Oktoba hiyohiyo. Kuelekea mwisho wa mwezi serikali ilikodi ndege ya Air France ikawarudisha nyumbani mabaharia na wanafunzi wapatao 280. Kapteni Pablo Lucio Salonio alibaki na watu 44, idadi ya kuilinda meli na kuzuia mitambo isife.

Mamlaka ya bandari ilikuwa inalitaka gati lake. Tarehe 7 Novemba, kwa kibali cha mahakama, maofisa wa bandari walifika kuihamishia meli sehemu nyingine. Mabaharia waliwakataza wasipande, na wakaonyesha silaha. Tuielewe hatari ya saa ile: askari wa nchi moja, ndani ya bandari ya nchi nyingine isiyo na ugomvi nayo, wanawaelekezea bunduki watumishi wa bandari wanaotekeleza amri halali ya mahakama yao, kwa sababu ya hati fungani. Kama kidole kimoja kingeteleza, tungekuwa tunasimulia mambo mengine. Maofisa walirudi nyuma. Umeme na maji ya gatini vilikatwa, na waliobaki wakaendelea kuishi kwa majenereta ya meli.

Wiki moja baadaye, tarehe 14 Novemba, Argentina iliifungulia Ghana shauri kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari iliyoko Hamburg, ikiomba amri ya muda. Miongoni mwa majaji wa mahakama hiyo miaka ile alikuwamo Mtanzania, James Kateka. Ghana ilikuwa na haki ya kumteua jaji kwa shauri lile, ikamchagua mwanasheria wake mkongwe wa sheria za bahari, Thomas Mensah; Argentina tayari ilikuwa na raia wake, Elsa Kelly, kwenye benchi. Mawakili walisikilizwa tarehe 29 na 30 Novemba.

Uamuzi ulitoka Jumamosi tarehe 15 Desemba, majaji wote wakikubaliana, Mensah akiwamo. Meli ya kivita ni kielelezo cha dola inayoipeperushia bendera, kinga yake iko hata ndani ya bandari, na kuizuia kwa nguvu kunaweza kuharibu uhusiano wa kirafiki baina ya nchi. Kilichotokea tarehe 7 Novemba kilitajwa kama ushahidi wa hatari hiyo. Ghana iliamriwa kuiachia Libertad mara moja bila sharti lolote, na kuhakikisha inapata mahitaji ya safari.

Ghana ilitii. Mabaharia wapya waliletwa kwa ndege kujaza nafasi za walioondoka, na tarehe 19 Desemba meli ikaondoka Tema, siku 78 tangu amri ya kwanza. Tarehe 9 Januari 2013 iliingia Mar del Plata, na Rais Fernández akaipokea mbele ya umati mkubwa wenye bendera, kama ushindi wa taifa.

Accra haikuliacha jambo hilo bila kulimaliza kisheria, na hilo nalisifu. Juni 2013 Mahakama ya Juu ya Ghana, kwa maombi ya Mwanasheria Mkuu, ilitengua uamuzi wa Jaji Adjei-Frimpong. Sababu yake ilikuwa maslahi ya umma: mahakama za Ghana zisitekeleze hukumu ya kigeni kwa kukamata chombo cha kijeshi cha dola nyingine, maana kufanya hivyo kunaiweka Ghana yenyewe katika hatari ya migogoro. Kifungu cha mkataba wa hati fungani hakiwezi kuitumbukiza nchi ya tatu katika ugomvi wa silaha. Sheria ya Ghana ilisema hilo kwa kinywa chake, bila kuisubiri Hamburg iseme tena.

Libertad ikawa huru. Deni likabaki palepale.

Wakati macho ya dunia yalikuwa Tema, mambo yenyewe yalikuwa yanaiva kwenye chumba cha Jaji Thomas Griesa huko Manhattan. Griesa, aliyezaliwa 1930 na kuteuliwa na Rais Nixon mwaka 1972, alikuwa na kesi za Argentina tangu mwanzo. Alitoa hukumu juu ya hukumu. Kilichomchosha ni kusikia viongozi wa Argentina wakisema kwamba hata akiamuru, nchi haitalipa.

Elliott ilikuwa na mbinu iliyowahi kuijaribu kwa Peru. Mwaka 1996 ilinunua deni la Peru kwa dola milioni 11.4. Ilipopata hukumu na kushindwa kukamata mali, ilikwenda Brussels mwaka 2000 na kuomba mahakama iizuie Euroclear, mtandao unaosambaza malipo ya hati fungani, isipeleke pesa za Peru kwa wadai wengine wakati Elliott haijalipwa. Msingi ulikuwa kile kifungu cha daraja sawa la malipo. Mahakama ilikubali. Peru, ikiwa inakaribia kushindwa kulipa wadai wake wote kwa sababu ya mmoja, ililipa takriban dola milioni 58.

Griesa aliikubali tafsiri ya namna hiyo Desemba 2011, akatoa amri ya zuio Februari 2012, na Novemba 2012, Libertad ikiwa bado Tema, akaamuru: siku Argentina itakapowalipa waliokubali punguzo, iwalipe NML na wenzake dola bilioni 1.33, zote kamili. Na benki yoyote itakayosaidia kupitisha malipo ya wale bila kulipwa hawa itakuwa imevunja amri ya mahakama. Hakuhitaji kuikamata mali ya Argentina hata moja. Alizikamata njia za pesa, na njia hizo zilipita New York.

Argentina ilikata rufaa hadi juu. Tarehe 16 Juni 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuisikiliza, na siku hiyohiyo, kwa kura 7 dhidi ya 1, ikaamua kwamba NML inaweza kuzitaka benki zitoe taarifa za mali za Argentina popote duniani. Tarehe 26 Juni Argentina ilipeleka dola milioni 539 kwa Bank of New York Mellon ziwafikie wenye hati mpya. Ziligandishwa hapo. Tarehe 30 Julai muda wa nyongeza ulikwisha, na Argentina ikahesabiwa tena kuwa imeshindwa kulipa, safari hii ikiwa na pesa na ikiwa tayari kuwalipa wengi, lakini ikikataa kuwalipa wachache. Kuta za Buenos Aires zilijaa mabango ya kuchagua kati ya taifa na tumbusi. Septemba Griesa aliitangaza Jamhuri ya Argentina kuwa imeidharau mahakama, jambo ambalo majaji wa Marekani huliogopa sana kulitamka dhidi ya dola nyingine.

Mgogoro uliisha kwa sanduku la kura. Mauricio Macri aliapishwa Desemba 2015 akiwa ameahidi kumaliza kesi hizo. Waitalia walikubaliana naye mwanzoni mwa Februari 2016 kwa dola bilioni 1.35. Tarehe 29 mwezi huo msuluhishi aliyeteuliwa na Griesa, Daniel Pollack, alitangaza makubaliano na mifuko minne mikubwa kwa dola bilioni 4.65, sehemu ya NML ikiwa takriban bilioni 2.28. Bunge lilifuta sheria iliyofunga mlango, nchi ikakopa upya dola bilioni 16.5, na tarehe 22 Aprili 2016 pesa zikalipwa. Kipindi cha miaka 14 na miezi minne kilikuwa kimepita tangu yale makofi ya bungeni. Griesa alifariki Desemba 2017.

Wako wanaosema hayo yote ni mambo ya Wamarekani na Waargentina. Si kweli. Agosti 2017 Watanzania walisikia kwamba ndege mpya aina ya Bombardier Q400, iliyotengenezwa Canada kwa ajili ya Air Tanzania, imezuiwa hukohuko na kampuni ya ujenzi, Stirling Civil Engineering, iliyokuwa na tuzo ya usuluhishi kuhusu mkataba wa barabara. Ndege ilifika Dar es Salaam Aprili 2018. Agosti 2019 Airbus A220 ya shirika hilo ilizuiwa uwanja wa O. R. Tambo, Johannesburg, abiria wakiachwa wanasubiri; mdai alikuwa mkulima aliyetaifishiwa mashamba Tanzania miaka ya 1980. Mahakama ya Afrika Kusini iliiachia mwezi uliofuata. Wapo waliowaita wadai hao wasaliti na maadui wa maendeleo, na nilisikitika kusikia hivyo, kwa sababu anayezuia ndege Canada au Johannesburg mara nyingi amekwisha kukataliwa wizarani. Nyumbani sheria inamzuia kukamata chochote, hivyo husubiri mali ivuke mpaka.

Kwa upande wa hati fungani, kisa cha Argentina kilileta mabadiliko: Agosti 2014 chama cha kimataifa cha masoko ya mitaji kilitoa vifungu vipya vya mfano. Kimoja kinasema daraja sawa halina maana ya kulipwa pamoja. Kingine kinawezesha wadai walio wengi kuwafunga wachache wanaokataa punguzo. Hati nyingi za nchi za Afrika zilizouzwa tangu hapo zina vifungu hivyo, na vimefanya kazi: Ghana iliposimamisha malipo ya sehemu kubwa ya deni lake la nje Desemba 2022, mazungumzo yalimalizika 2024 kwa karibu wadai wote wa hati fungani kukubali, bila miaka 14 ya mahakama.

Lakini kifungu cha kujivua kinga kipo palepale, katika mikopo, mikataba ya ujenzi na mikataba ya umeme. Mbunge anayesoma haya, mwanasheria wa wizara, mhariri wa dawati la uchumi: ukiletewa mkataba wa serikali na mkopeshaji wa nje, anza na kifungu hicho kabla ya kiasi cha riba. Uliza kama kinazitenga mali za kijeshi, za ubalozi na za benki kuu. Uliza kesi itasikilizwa wapi. Na kukiwa na hukumu ambayo serikali imeshindwa na rufaa zimekwisha, uliza kwenye bajeti ya mwaka huu kasma ya kuilipa iko ukurasa upi.